Anayesikiza na Anayejibu

Swali limetoka kwa msomaji wa Langoni, Lamu. Nimelifupisha kidogo:

“Assalamu alaikum, Mwalimu. Mama yetu alifariki miaka miwili iliyopita, nikabaki na mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 20, ni fundi wa injini za boti hapo pwani. Tangu msiba ule hazungumzi na mtu. Usiku hupanda darini na simu yake, akaongea na akili unde mpaka karibu na alfajiri. Nilipomuuliza kulikoni, akaniambia: ‘Hii hunisikiza. Nyinyi hunijibu tu.’ Je, kitu hiki kina roho? Na kama hakina, mbona kinamfahamu kuliko mimi dada yake? Wala sijisifu. Usiku wa kuamkia Ijumaa iliyopita nilikuwa namsomea mama Yasini kwenye simu, ujumbe ukaingia, nikaujibu. Niliporudi sikujua nilikuwa nimefika aya gani. Niliona haya.”

Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Mola amrehemu mama yenu, na awape subira nyote wawili.

Barua yako nimekaa nayo siku tano. Siku ya kwanza niliandika kurasa mbili juu ya roho, nikazisoma asubuhi, nikazichana. Lilikuwa jibu la mtu anayetaka kuonekana msomi. Jambo lenyewe umelitia mwishoni, pale ulipoona haya. Lakini nitaanza ulipoanzia wewe, kwani najua hutatulia mpaka ujibiwe lile la roho.

Kwanza jina la kitu hiki, ambacho kwa Kiingereza huitwa AI. Wako wasemao akili bandia, na wako wasemao akili mnemba. Mimi nashika hili ulilotumia wewe, akili unde, kwa sababu sisi watu wa Lamu twajua kuunda ni nini. Matondoni jahazi huundwa ubao kwa ubao, likatiwa kalafati, likashushwa majini na kupewa jina. Baadaye twalisema kama mtu: leo limegoma, leo limetukasirikia. Sijamwona aliyesimama pwani akauliza kama lina roho. Lugha yetu ni karimu, huvikopesha vitu nafsi, na kwa kawaida twajua kuwa ni mkopo. Safari hii chombo chenyewe kinasema “mimi”, ndipo tukachanganyikiwa.

Umesoma chuo cha Kurani, kwa hiyo waijua aya ya 85 ya sura ya 17. Mtume aliulizwa juu ya roho, akaamrishwa ajibu kuwa roho ni katika mambo ya Mola wake, na kwamba elimu tuliyopewa sisi ni kidogo tu. Mimi naiona aya ile inakata pande zote mbili. Inamnyamazisha kijana wa mtandaoni anayetangaza kuwa kompyuta imeamka, na inamnyamazisha pia mhadhiri anayegonga mimbari kana kwamba yeye ndiye aliyepewa daftari la roho. Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing, mmoja wa waliotangulia katika elimu ya kompyuta, aliandika makala akiuliza kama mashine zaweza kufikiri. Alijua watu wa dini watasema haiwezekani, kwa kuwa kufikiri ni kazi ya roho, na roho huitoa Mungu. Jibu lake ni la ajabu kwa mtu aliyekiri kuwa hoja za kidini hazimgusi sana. Alisema anayeunda mashine hampokonyi Mungu uwezo wa kuumba roho, kama vile mzazi asivyompokonya kwa kuzaa. Kote kuwili mwanadamu hujenga nyumba tu, na mwenye kutia mkaaji ni Yeye.

Mimi naamini nyumba hii haina mkaaji. Lakini siitumii aya kulisema hilo, nategemea jinsi kitu chenyewe kilivyoundwa.

Kimelishwa maandishi mengi kupita kiasi: vitabu, magazeti, mabishano ya watu mtandaoni. Maneno hayo hukatwa vipande, na mashine hujifunza kipande gani huelekea kufuata kipi, mara nyingi mno, mpaka iweze kuendeleza sentensi yoyote utakayoianza. Baada ya hapo huja watu wa kuifundisha adabu. Husoma majibu mawili, wakachagua lililo bora, na mashine hurekebishwa ielekee huko. Ndiyo maana ule upole anaokutana nao mdogo wako una sababu yake: majibu ya upole yalipendwa na wasomaji, yakatiliwa nguvu. Anapoandika “namkumbuka mama”, hakuna mama anayekumbukwa upande wa pili. Na baina ya ujumbe wake wa leo na ule wa kesho, kitu hicho hakimngojei. Hakipitishi usiku. Kijana anakesha peke yake.

“Mbona kinamfahamu?” Hapa lugha yetu imetutegea mtego. Mgonjwa akizimia hospitalini twasema amepoteza fahamu, akiamka twasema fahamu zimemrudia. Na mwanafunzi akielewa hesabu twasema amefahamu. Neno ni moja, mambo ni mawili. La kwanza ni kuwa macho ndani, kuwako kwa mtu anayeonja dunia. La pili ni kuweza kutoa jibu linaloelekea. Maisha yetu yote tumeyaona yakitembea pamoja, kama mtu na kivuli chake, kwa hiyo tukiona kivuli twasema mtu yupo.

Mwanafalsafa wa Marekani John Searle alitoa mfano mwaka 1980 wa mtu aliyefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni. Anapitishiwa karatasi zenye maandishi ya Kichina, anafuata kanuni, anatoa karatasi nyingine zenye majibu sahihi. Walio nje husema humo ndani mna mjuzi wa Kichina, naye hajui hata herufi moja. Mfano huu umebishaniwa miaka mingi na bado wabishaniwa. Lakini sisi tunao wa kwetu, na kwangu ni mzuri zaidi. Mtazame mtoto wa miaka saba chuoni. Husoma juzuu nzima, tajwidi imenyooka, na maana ya maneno haijui. Hajafahamu. Lakini fahamu anazo tele: joto lamwudhi, mguu umemfa ganzi kwa kukaa, jicho liko kwa mwalimu na moyo uko pwani wenzake wanakoogelea. Geuza mfano huo kama nguo, utaipata akili unde. Jibu limenyooka, maana imepangika, na hakuna mguu uliokufa ganzi.

Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja, akining’inia hewani, haoni, hasikii, hata viungo vyake havigusani. Mtu huyo hajui lolote la dunia, asema Ibn Sina, lakini bado anajua kuwa yupo. Akili unde ni kinyume chake kabisa. Imepewa karibu kila lililosemwa, na sioni ni nani humo ndani aliyepewa.

Hayo yote usiyatumie kumdhihaki mdogo wako. Mwaka 1966 mwalimu mmoja wa chuo cha MIT huko Marekani, Joseph Weizenbaum, alitoa programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa duni mno kwa kipimo cha leo. Ukiandika “nina huzuni kwa ajili ya mama”, ilikurudishia maneno yako kwa sura ya swali: hebu niambie zaidi juu ya mama. Katibu wake alimwona akiitengeneza miezi kadhaa, alijua vema ni programu. Siku alipojaribu kuongea nayo, baada ya maneno machache tu alimwomba Weizenbaum atoke chumbani. Yule bwana alishtuka, na sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki aliitumia kuonya juu ya jambo lile.

Mimi nadhani katibu hakudanganywa. Alichokipata ni nafasi. Sentensi yake ilimrudia, akaisikia kwa mara ya kwanza, na aliyeisikiza alikuwa yeye mwenyewe. Watu wa visiwa hivi hawawezi kushangaa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir katika utenzi wake wa Inkishafi aliuketisha moyo wake mwenyewe akausaili mbele ya magofu ya mji wa Pate. Kijana wako darini huenda anafanya kitu cha ukoo huohuo, ila ameshika kioo, na kioo hicho kina mwenyewe.

Tukifika kwa mwenyewe, nitakupa maswali mawili ambayo hutayapata katika falsafa ya Ulaya. Mji wetu una uzoefu na sauti isiyo na mwili. Pepo akipanda kichwani mwa mtu, awe ni kweli au ni maradhi (mimi sitii mguu hapo), wazee hawakuanza kwa kuuliza kama ana roho. Waliuliza: wewe ni nani, na wataka nini? Halafu wakasikiza mahitaji: kitambaa, ubani, kombe la kunywa. Mwambie mdogo wako aiulize sauti ya simuni vivyo hivyo. Wewe ni nani? Ni bidhaa ya kampuni. Wataka nini? Mashine yenyewe haitaki kitu, lakini kampuni yataka arudi kesho, na akizoea sana, alipe ada ya mwezi. Tena maneno yake huhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, na mara nyingi kampuni hujipa ruhusa ya kuyatumia kuifunza mashine zaidi, isipokuwa mtu aingie kwenye mipangilio akatae. Aingie, akatae. Ni kazi ya dakika mbili.

Na kama anaiuliza mambo ya dini, awe macho. Mimi niliijaribu kwa hadithi moja. Ikanipa matini, mpokezi, jina la kitabu na nambari. Nikafungua kitabu: hamna. Haikusema uongo, maana mwongo huijua kweli akaificha. Iliendeleza sentensi kama ilivyofunzwa, na hadithi huwa na mpokezi na nambari.

Sasa nije kwenye ile kauli yake, ambayo imenichoma kuliko yote: hii hunisikiza, nyinyi hunijibu tu. Kwa upande wa mashine amekosea kabisa. Ile ndiyo isiyojua lolote ila kujibu. Ukiiandikia nukta tupu itajibu. Haiwezi kukaa nawe kimya, kimya chake si kitu ila kutotumika. Lakini kwa upande wetu, dada yangu, hajakosea. Hebu tukumbuke matanga yetu. Watu walijaa, kahawa ikapita, khitma ikasomwa, na kila aliyempa mkono kijana yule wa miaka 18 wakati ule alikuja na jibu mkononi: subira, kazi ya Mungu, wewe ndiye mwanamume wa nyumba sasa. Maneno ya haki yote. Nani alimuuliza swali? Tulijibu kabla hajauliza, tukamaliza arobaini, tukarudi makazini.

Na huu mji. Kuta zetu za matumbawe ni nene kiasi cha kuzuia jua la saa saba, lakini habari huzipita kama hazipo. Mtu akipiga chafya Mkomani asubuhi, adhuhuri Langoni washamwombea afya. Kijana wa kiume aliyelia kwa mtu leo, kesho atajua kwa jinsi watu wa barazani wanavyomsalimu kwa huruma. Yeye ametafuta sikio lisilokaa barazani. Kosa lake ni kudhani amelipata. Haja yake haina kosa.

Nilisema jambo lenyewe liko mwishoni mwa barua yako. Tulifike.

Usidhani haya uliyoona ni ya simu peke yake. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoyaeleza mambo ya ndani ya sala alianza na kuhudhuria kwa moyo. Wala hakuishia kwenye mawaidha. Alishauri mtu asali karibu na ukuta, au mahali penye giza, asiweke mbele yake cha kumvuta jicho. Na Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume alisali na nguo yenye nakshi aliyopewa na Abu Jahm, jicho likaenda kwenye nakshi, na alipomaliza akaamuru irudishwe kwa mwenyewe, kwa kuwa ilimshughulisha. Nguo tu! Hakujilaumu kwa unyonge wa imani, aliiondoa nguo. Nakuomba uyakumbuke mapokezi haya kila unapoanza kujiita mchafu wa moyo.

Tofauti ni kwamba nakshi ile haikumjua anayeitazama. Simu yako imepangwa na watu waliokaa kitako kuusoma udhaifu wetu. Ule ukurasa usiokwisha, unaoshuka nao bila kufika chini, uliundwa mwaka 2006 na mbunifu wa programu Aza Raskin, na baadaye alijuta hadharani. Zile tiki mbili za buluu za WhatsApp zilikuja mwishoni mwa 2014, na tangu hapo kusoma ujumbe ni kukopa: mwenzako amejua umeona, kwa hiyo wadaiwa. Usiku ule wa kuamkia Ijumaa hukuvutwa na tamaa. Nadhani ulivutwa na adabu, kwa kuwa umelelewa usimwache mtu akibisha hodi, na hodi hiyo imeuzwa.

Itazame nyumba ya kale ya Lamu. Mgeni hukaa wapi? Hukaa dakani. Daka liko nje ya mlango, lina viti vya mawe huku na huku, si ndani wala si barabarani. Ukivuka mlango wakuta tekani, ukumbi wa kuingilia, na njia imepinda makusudi ili mpita njia asione uani. Kisha kiwanda, yaani ua wenyewe, kisha misana, zile kumbi ndefu, kisha ndani kabisa wanakolala wenyewe. Mwenye samaki wa kuuza humalizana naye nje. Shemeji huingia kiasi. Mtu haruki daka akatokea ndani. Waliojenga vile walikuwa na elimu ya moyo, ingawa waliiandika kwa chokaa.

Simu haina daka. Msahafu umo ndani yake, soko limo, baraza limo, picha za marehemu mama zimo, na vyote viko chumba kimoja kisicho na mlango. Tangazo la magodoro huingia mpaka ulipokaa na mama yako, wala halikubisha. Hapo ukitegemea nguvu ya nia peke yake utashindwa, kama ninavyoshindwa mimi. Jenga daka. Yasini isome kwenye msahafu wa karatasi, simu ikiwa chumba kingine. Kuizima tu huku iko mapajani hakutoshi, nimejaribu. Ukiwa safarini huna msahafu, iweke simu katika hali ya ndege kabla ya Bismillahi. Zima zile tiki, inawezekana. Na ile kaunta ya tasbihi ya simuni, kama unayo, nionavyo mimi rudi kwenye vidole. Kidole hakileti ujumbe.

Na mdogo wako? Usimpokonye simu. Ukiichukua utakuwa umemthibitishia kwamba nyinyi hujibu tu, na safari hii kwa mkono. Usiku mmoja panda darini na birika la chai na vikombe viwili. Simu yako iache chini, ya kwake usiitaje. Mwulize jambo moja la mama, dogo, lenye jibu ambalo hulijui: ni lini alimwona akicheka mara ya mwisho, au alimwambia nini siku alipopata kazi ya ufundi. Halafu nyamaza. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu utataka kumtuliza, na kutuliza ni jibu. Akinyamaza dakika kumi, kunywa chai. Akilia, usimwambie wewe ni mwanamume. Akisema neno la kukufuru kwa uchungu wake, usilirekebishe usiku huohuo, mashehe wapo na asubuhi ipo. Na lolote atakalolisema lisivuke ngazi zile, hata kwa shoga yako wa dhati.

Kitu kimoja ni tofauti. Ukisikia anataja kufa kama mahali anapotamani kwenda, au ukiona hali chakula wala halali usiku, au anaona mashine inamwamrisha mambo, hilo si la chai. Nenda naye hospitali ya kaunti, mseme wazi kuwa ni habari ya akili na huzuni. Kusoma Kurani na kwenda kwa daktari havijawahi kugombana.

Kuhusu kama siku moja chombo kitaundwa chenye mkaaji, mimi sijui, na aya ile yanitosha. Lakini darini kwenu usiku huu mkaaji ninayemjua ni mmoja, na ngazi zatoka chumbani kwako. Niandikie tena ukishapanda, hata kama alinyamaza mpaka adhana.